Nyumba Tuliyoiezua Mapema

Jumapili, 14 Machi 1993

Dinah, umetuma daftari badala ya miguu yako. Nimelipokea. Lina karatasi nyingi na picha ya twiga mbele, lakini daftari haliniteki maji wala halinikuni mgongo. Mwaka mmoja na miezi mitatu. Hata ng'ombe aliyeuzwa sokoni Mautuma hukata kamba siku moja akarudi kwa mkono uliomkamua. Wewe uliajiriwa Nakuru, hukuajiriwa mbinguni. Unajua ulichosema siku ulipoondoka, nami najua. Leo sitakiandika.

Umesema niandike ili mkono usisahau herufi. Shule sikuikanyaga, lakini kule ngumbaru, darasa la watu wazima, mwalimu alituambia mzee anayejua kuandika jina lake haibiwi kwa kidole gumba. Kwa hiyo nitaandika, na kwa Kiswahili, kwa sababu ndicho kilichokuwa kwenye kitabu chake. Ukija utalisoma lote umekaa chini, na hutaonja chakula kabla hujamaliza.

Habari kubwa ni nyumba yangu. Babako aliijenga mwaka tulipopewa shamba hili, na tangu tumzike haijaguswa. Mabati yamekula kutu mpaka mchana nikijilaza naona mianga juu kama nyota. Nguzo zimeliwa na mchwa. Ukuta wa upande wa machweo umetoa tumbo kama mjamzito wa mwezi wa nane. Kakako Wangila anasema hautavuka mvua hii. Anataka tukope pesa za ofisi ya mikopo Chekalini, tuijenge upya: mabati mapya, matofali, sakafu ya simiti. Ofisi inataka kushikilia hati ya shamba mpaka tumalize kulipa.

Nimemwambia hati sijui iliko. Najua iliko.

Jumatano, 17 Machi

Upepo. Vumbi limeingia hata ndani ya uji.

Ijumaa, 19 Machi

Wangila amekuja tena na maneno yake ya mkopo.

"Ni ishirini na nne kwa mia, Mayi."

"Mia gani?"

"Kila shilingi mia unayochukua, unarudishanga mia hiyo na ishirini na nne juu yake. Kwa mwaka."

"Na mwaka ukinishinda?"

"Hautakushinda. Mahindi ya Novemba yatalipa."

Mahindi ya Novemba, Dinah, bado ni mbegu kwenye gunia, na mbolea mwaka huu imepanda bei kama imepakwa dhahabu. Nilichukua ungo nikapanga punje mia, nikaweka ishirini na nne kando. Hazikuonekana nyingi. Lakini kuku alipita akadonoa kama kumi, nikamwambia Wangila, "Umeona? Huyo ndiye mwaka mbaya."

Alicheka bila meno kuonekana.

Mke wake Cherotich alikuwa mlangoni anamenya viazi. Hakutia neno. Mwanamke huyo hunyamaza kama chungu kilichofunikwa. Hujui ndani mna mboga au mna nyoka.

Jumatano, 24 Machi

Nimekubali. Usinicheke. Nilikuwa nimejilaza, kipande cha kutu kikaniangukia juu ya mdomo, nikawaza: nikifa leo watanilaza wapi? Mwili wa mama hulala ndani ya nyumba yake, watu waje waulilie hapo. Sasa watu wa kanisa wanizunguke wameshika miavuli? Mchungaji asome akikung'uta Biblia maji?

Nilimwita Wangila nikamwambia sawa, tukope. Alinishika mikono miwili kama mtu aliyefufuliwa.

Jumamosi, 27 Machi

Fundi Andati amekuja na nyundo na mdomo. Karani wa mikopo, anaitwa Makhanu, alimwahidi Wangila pesa Jumatatu. Andati akasema, akiniita bibi kwa lugha yetu, "Kukhu, tusingoje Jumatatu tukae bure. Leo nitoe haya mabati ya zamani, Jumanne naanza kupanga nguzo."

Nikamwuliza, "Na mvua?"

Akatazama juu kama mwenye mbingu. "Mvua ya mwaka huu imechelewa."

Basi aliezua. Kila bati likishuka lililia. Aliyafunga kwa kamba akayabeba kwa mkokoteni, yawe malipo yake ya kwanza, kuna mtu anajenga banda la kuku. Jioni nilisimama katikati ya nyumba yangu nikaona mbingu yote. Kitanda changu, kiti cha babako na picha ya harusi vilikaa pale kama vitu vya mnada. Sijawahi kuona aibu mbele ya mawingu, lakini leo niliona.

Jumatatu, 29 Machi

Wangila alirudi saa tisa. Nilimjua kwa mwendo. Mtu aliyebeba pesa hupiga hatua fupi, mkono mfukoni. Yeye mikono ilikuwa inaning'inia.

"Imepanda, Mayi."

"Nini?"

"Riba. Sasa ni thelathini na nane. Wanasema shilingi imeanguka, na pesa imekuwa ghali nchi nzima. Makhanu anasema tukitaka tuchukue, tusipotaka kuna wengine kwenye foleni."

Nilichukua ule ungo. Punje thelathini na nane ni rundo. Hazihitaji kuku.

Nikasema hapana, tungoje. Akasema, "Tungoje wapi? Ndani ya nini?" Na hapo, Dinah, kabla sijafungua mdomo, tone la kwanza likaanguka katikati ya ungo.

Jumanne, 30 Machi

Nimehamia jikoni, katika kile kibanda changu cha nyasi, pamoja na kuku sita, mbuzi na moshi. Kitanda hakikuingia mlangoni, nimelala juu ya magunia. Kule ndani tumefunika vitu kwa nailoni na majani ya ndizi.

Usiniulize kwa nini silali kwa Wangila, ambapo ni hatua kumi na mbili na pana mabati mazima. Hata kama Nakuru wamesahau, wewe usisahau: mama halali chini ya paa la mwanawe aliyeoa. Naweza kuingia mchana nikakaa sebuleni, nikala, nikabeba mtoto. Kulala, hapana. Mama yangu hakulala, na mama yake hakulala, hata mwaka wa mafuriko. Ni mwiko, na wanaolipia mwiko huo ni watoto wadogo. Kwa Wangila mna watoto wawili. Sitawajaribu.

Alhamisi, 1 Aprili

Mvua.

Jumamosi, 3 Aprili

Mvua. Tumepanda mahindi upande wa juu. Upande wa chini ni matope.

Jumapili, 11 Aprili

Pasaka. Nilikwenda kanisani nikinuka moshi mpaka mama mmoja akahama benchi. Baada ya ibada nikasikia wanawake wawili wakisema Wangila amemwacha mamake alale na mbuzi, yeye na mke wake wakilala chini ya mabati. Niliwageukia. "Mbuzi wangu hasengenyi watu. Ndiyo maana nalala naye."

Lakini Wangila alisikia pia. Hakula siku nzima. Jioni akanijia.

"Tukope, Mayi. Hata kwa thelathini na nane."

"Ngoja kidogo."

"Watu wanasema nakuua."

"Watu hawatalipa deni lako."

Akaondoka bila kusema usiku mwema. Hajawahi kuniacha hivyo.

Ijumaa, 16 Aprili

Mvua. Kuku mmoja amekufa.

Jumanne, 20 Aprili

Cherotich ameniletea maziwa ya kibuyu, yale ya kabila lao yaliyotiwa mkaa. Amekuwa akileta kila Jumanne, nami kila Jumanne nampa paka. Leo paka hakuwepo, nikayaweka kando. Nina kikohozi. Nilijiambia: huyu anataka nini? Nikikubali mkopo tukashindwa, shamba liuzwe, yeye ana kwao pa kurudi. Sisi hatuna kwingine.

Ndivyo nilivyowaza. Nimeandika ili usome.

Jumapili, 25 Aprili

Tuliwaza nyasi. Zamani watu ishirini wangekuja asubuhi, jioni nyumba imeezekwa, nikawapikia obusuma, ndio ugali, na kuku, ikaisha. Lakini nyasi za paa hukatwa kiangazi zikiwa kavu, na siku hizi kila mahali palipokuwa na nyasi pamelimwa mahindi. Za sasa ni mbichi. Ukiziezeka leo, mwezi ujao unaota uyoga kitandani.

Alhamisi, 29 Aprili

Mvua.

Jumatano, 5 Mei

Ukuta umeanguka.

Ilikuwa saa kumi, natwanga njugu. Nilisikia kama gunia limetupwa, kisha gunia la pili, kisha kishindo. Ukuta wenye tumbo ulilala ndani kama mlevi, juu ya kitanda, juu ya kiti cha babako. Mguu mmoja wa kiti umetokeza kwenye udongo. Nilipiga magoti nikachimba kwa mikono. Picha ya harusi nimeipata. Kioo hakuna, na uso wa babako umelowa mpaka hajulikani. Mimi naonekana vizuri kabisa, nimekunja uso, nimesimama kando ya doa.

Wangila alikuja akasimama. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Cherotich alipiga magoti upande wa pili akachimba nami. Nikamwambia aache, akaendelea.

Nimekohoa mpaka nikaona nyekundu kwenye leso. Kidogo. Usiogope. Ogopa kidogo.

Wangila, umeshinda. Jumatatu nitaitoa hati.

Jumatatu, 10 Mei

Sasa Dinah, soma polepole.

Hati ilikuwa ndani ya mkebe wa majani ya chai, mkebe ndani ya chungu kilichopasuka, chungu chini ya kuku anayeatamia. Nani atatafuta hapo? Niliifunga kwa leso kifuani, tukatembea na Wangila mpaka Chekalini, matope yakitufika kwenye muundi.

Makhanu ni kijana mwenye tai na macho yaliyochoka. Alisukuma karatasi nne.

"Mama, weka kidole hapa na hapa."

"Kidole changu kina kazi nyingine. Nina mkono unaoandika."

"Haya, andika."

"Nisomee kwanza."

"Iko kwa Kiingereza, Mama."

"Ndiyo maana nimesema nisomee."

Watu kwenye foleni wakacheka. Mmoja akasema, "Kukhu, sisi wengine tutazeeka hapa."

Nikamwambia, "Ukizeeka utapata akili."

Makhanu akasoma. Thelathini na nane kwa mia. Inaweza kupanda bila sisi kuulizwa.

"Na kushuka?"

Akatafuta kwa kidole. "Hapa haijaandikwa."

"Kumbe ngazi yenu ni ya kupandia tu. Na tukishindwa kulipa?"

Akakohoa, lakini si kikohozi kama changu. "Shamba linauzwa. Lakini sisi hatupendi kufika huko."

"Wewe hupendi. Na karatasi?"

Akazisukuma karatasi karibu nami. Wangila akaninong'oneza, "Mayi, tafadhali, andika tu." Nikashika kalamu. Nikaandika N. Nikaandika A. Jina langu, Nasipwondi, ni refu, unalijua, na kwa kila herufi nilikuwa naona kitu. Nilipofika S niliona kaburi la babako liko ndani ya shamba hilo. Nikamwuliza Makhanu, "Mamako yuko hai?"

"Yuko."

"Ana nyumba nzuri?"

Akatazama mlango wa mkubwa wake, kisha akasema chinichini: "Inavuja, Mama. Nimemwambia angoje mahindi."

Nikaweka kalamu chini. Karatasi yao imebaki na NAS. Wakitaka waikaange.

Tulipofika darajani Wangila alisimama. Hapo akasema, "Basi ufe. Ufe na kuku, wanizomee maisha yangu yote." Kisha akakaa juu ya jiwe, mwanamume wa miaka thelathini na sita, akalia mvuani. Nilisimama kando yake. Sikujua nimeokoa shamba au nimemuua mwanangu.

Ijumaa, 14 Mei

Maji yameingia jikoni. Mbuzi amepanda juu ya magunia na mimi. Siwezi kuandika sana. Kama tungengoja tangu mwanzo na yale mabati ya kutu, yangevuja, lakini yangekuwepo. Kosa ni hilo na ni langu. Mtu havui nguo mtoni kabla hajajua nani ameketi juu ya ukingo.

Nikifa, Dinah, hati iko chini ya kuku mwekundu. Usimpe mtu kwa kidole.

Jumapili, 16 Mei

Sikwenda kanisani.

Jumatatu, 17 Mei

Asubuhi Wangila alikwenda kibarua cha kupalilia. Mvua ilikuwa imetulia. Nikasikia nyundo. Nikatoka nikishika ukuta.

Cherotich alikuwa juu ya paa la nyumba yake. Mwanamke, Dinah, juu ya paa, amefunga leso kiunoni, anang'oa misumari ya sebule yake mwenyewe. Mabati mawili tayari yalikuwa chini. Nilipata sauti nisiyojua ninayo.

"Shuka! Mwanamke hapandi paa. Unataka kuita kifo hapa?"

"Kifo kilishapiga hodi, Mayi. Kinakohoa hapo jikoni."

"Kwenu wanapanda?"

"Kwetu pia hawapandangi." Akavuta msumari, akautia mdomoni, akautoa ili aseme. "Nimefikiria hii maneno tangu uhamie jikoni. Mama hawezi kuja chini ya paa ya mtoto wake. Sawa. Lakini sijasikia mahali walisema paa haiwezi kwenda kwa mama."

Nikatafuta mwiko unaokataza hilo, nikautafuta kwa mama yangu na kwa mama yake, sikuupata. Paa likishaguswa na ardhi ni mabati tu. Hayajui yalikuwa ya nani.

"Na watoto wako walale wapi?"

"Chumba cha kulala kimebaki. Tutabanana. Sebule ni ya wageni, na hapa wageni hawakujangi."

Alilisema bila ukali, lakini lilinifikia. Nitaandika sasa nilichokataa kuandika siku ya kwanza. Krismasi ile ya mwaka juzi, watu wetu na watu wa kabila lake walipokuwa wakichomeana nyumba kule ng'ambo ya mto, wewe ulisimama katika uwanja huu ukasema Cherotich afunge nguo zake arudi kwa watu wake, kabla hajatuletea moto. Ulisema kwa sauti. Kisha ukaondoka. Na mimi, mamako mwenye mdomo, nilinyamaza.

Nikamwuliza, "Ulimsikia Dinah siku ile?"

"Nilikuwa jikoni kwako na mwiko wa kupikia mkononi. Nilisikia. Nikangoja nisikie wewe utasema nini." Akapigapiga bati. "Nikaona nitakaa tu mpaka useme."

Majirani wa mlango wa pili walikuwa wamesimama kwenye ua, wanatutazama. Ngazi ilikuwa inateleza kwenye matope. Nikaenda nikaishika kwa mikono miwili.

"Cherotich mwanangu," nikasema, ili wa kwenye ua pia wasikie, "hii ni nyumba yako. Utaondoka hapa siku mimi nitaondoka, na mimi siondoki. Sasa teremsha hilo bati polepole, usinikate kichwa."

Alifuta uso kwa mkono wenye kutu.

Wangila aliporudi aliona nyumba yake nusu haina paa na mama yake ameshika ngazi. Alitaka kugomba. Nikamwambia anyamaze akakate nguzo kwenye mikaratusi ya mpakani.

Jumatano, 19 Mei

Misumari ya kununua hakuna. Mimi na Cherotich tumekaa tukinyoosha ile ya zamani juu ya jiwe, mmoja mmoja. Amejipiga kidole mara tatu, mimi mara moja. Amenicheka, "Mayi, wewe hupigi kidole kwa sababu hupigi msumari." Jana ilikuwa Jumanne. Nilikunywa maziwa ya kibuyu. Si mabaya. Paka amenikasirikia.

Jumamosi, 22 Mei

Andati amekuja kuomba kazi. Nimemwonyesha njia.

Jumapili, 30 Mei

Chumba kimoja kimesimama. Kimoja tu. Wanawake wa kanisa walikuja kukandika, hata yule aliyehama benchi. Nimelala kwangu, juu ya kitanda kilichofungwa kamba. Mvua ilipiga usiku kucha na hakuna tone lililonigusa. Nilisikia mtoto wa Cherotich akilia upande wa pili, na maji yakipiga sakafu ya sebule yao, nikashindwa kulala.

Jumapili, 6 Juni

Hii ndiyo hali, nisikufiche. Vyumba vilivyobaki vitangoja mahindi. Mahindi ya upande wa chini yamekuwa ya manjano kwa maji. Ya upande wa juu yanafika magotini. Mvua hii itaendelea mpaka Septemba, na watu wanne wanalala chumba kimoja kwa ajili yangu. Kikohozi kipo. Mkopo hakuna, hati ipo, na kuku mwekundu ameangua, kwa hiyo nimeihamisha na sikwambii wapi. Sijui kama tutafika Novemba. Wangila ameanza kunisalimu tena, lakini hanitazami usoni kwa muda mrefu.

Sasa nisikilize. Ukija, lete kilo mbili za misumari ya mabati, ile yenye kofia. Usikate kona ya mikaratusi uanzie kwangu kama ulivyozoea. Pita mlango wa mbele, uanzie kwa Cherotich. Atakupa kiti katika sebule isiyo na paa. Kaa. Akikupa maziwa ya kibuyu, maliza. Sema ulichokuja kusema kuhusu Krismasi ile, na mvua ikikukuta hapo, usisogeze kiti.